Upepo wa Barabara ya Iringa: Kuchagua Baiskeli ya Umeme Kihonda

Saa kumi na mbili asubuhi, Kihonda, mjini Morogoro, haina upepo. Moshi wa jiko la mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara unapanda wima, na vumbi la daladala ya kwanza linatua palepale lilipotimuliwa. Upande wa kusini Milima ya Uluguru imejitokeza yote: Lupanga juu ya mji, na Bondwa yenye minara ya mawasiliano. Ukipanda baiskeli saa hiyo utaapa kwamba safari ya Mzumbe ni suala la kilomita tu, na kilomita zinahesabika. Saa tisa alasiri hesabu inabadilika. Miezi ya kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba, jua likishaupasha moto uwanda, upepo kutoka mashariki hukaza, na anayetoka Mzumbe kurudi Kihonda huupokea kifuani na begani sehemu kubwa ya njia.

Naandika kwa ajili ya mtu wa aina yangu: anaishi upande mmoja wa mji, kazi iko upande mwingine, hana gari, hataki pikipiki, na amefikia kuwaza baiskeli ya umeme. Mtu huyo akiingia dukani ataulizwa ana bajeti gani, naye atauliza inakimbia kiasi gani. Maswali yote mawili ni ya haki, lakini lipo linalotangulia. Barabara yako ina upepo gani saa ya kurudi? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua betri, mota, hata urefu wa usukani.

Nililitafuta jibu hilo barabarani. Njia yangu inaanzia Kihonda, inakwenda hadi Msamvu penye stendi kuu ya mabasi, kisha inashika barabara ya Iringa kuelekea kusini-magharibi, inapita Bwawa la Mindu, inafika njia panda ya Sangasanga, na hapo inakata kushoto kuingia Mzumbe, chini ya mteremko wa Uluguru. Ni kama kilomita 25 kwenda na nyingine 25 kurudi. Kwa daladala lazima uunganishe. Kwa baiskeli ya kawaida inawezekana, na wapo wanaoifanya, ila unafika kazini shati limelowa, na jioni unafika nyumbani huna hamu hata ya kula.

Fundi aliyeniazima baiskeli za kujaribia ana kibanda Kihonda Maghorofani. Ni mzee aliyezikarabati baiskeli za Foniksi na Swala tangu ujana wake, na sasa pembeni ya spana na mikebe ya grisi ana mita ya kupimia umeme na bunda la nyaya. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomtajia Mzumbe aliacha rimu aliyokuwa anainyoosha.

“Wateja wananiuliza inakimbia namna gani,” alisema. “Wewe, mwanangu, niulize inarudi namna gani.”

Alinipa kwanza baiskeli aliyoiunda mwenyewe: fremu nzito ya Foniksi, kariya pana nyuma, na mota ndogo ya wati 350 ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Betri ilikuwa ya volti 36 na ampea-saa 10. Hesabu yake ni nyepesi, na kila mnunuzi anapaswa kuijua: zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Hapa ni 360. Hicho ndicho kiasi cha mafuta kwenye tangi lako, na muuzaji asiyeweza kukutajia namba hizo mbili hajakwambia anauza nini.

Kwenda kulikuwa kwepesi. Mota ilinong'ona, nikawa nakanyaga kwa nguvu ya mtu anayetembea haraka, nami nikakaa kwenye kilomita 20 kwa saa bila jasho. Msamvu nilipunguza mwendo. Hapo, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wengi wetu Morogoro tunamjua mtu aliyeguswa na siku ile. Ninapolipita eneo hilo nikiwa nimebeba betri hukumbuka kwamba nishati ya kila aina inadai heshima, na nitalirudia jambo hilo mbele.

Baada ya Msamvu mji unaachia polepole, na barabara inakuwa ya malori. Hii ndiyo njia kuu ya kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia. Semi-trela za mizigo hupita usiku na mchana. Mwendesha baiskeli husikia lori kwa mgongo kabla ya masikio. Kwanza hewa inakusukuma mbele na kukutupa kidogo nje, kuelekea ukingo wa lami. Ubavu wa lori ukiwa sawa na bega lako, upepo wa pembeni unakatika ghafla, na baiskeli, ambayo ulikuwa umeiegemeza dhidi ya upepo huo, inataka kuingia upande wa magurudumu. Lori likimaliza kupita, upepo unarudi kwa kishindo pamoja na mchanga. Yote hayo huchukua sekunde tatu au nne. Mikono inatakiwa kushika usukani kwa uthabiti bila kukakamaa, na mzigo unatakiwa kuwa chini.

Mindu ndiyo sehemu ya kupimia. Bwawa limekaa kwenye Mto Ngerengere, kati ya vilima vya Mindu na miguu ya Uluguru, na upepo unaozunguka milima hupita kwenye uwazi huo. Asubuhi ile maji yalikuwa laini, ndege weupe wamesimama kwenye kina kifupi. Nilifika Sangasanga, nikakata kushoto, nikapanda mwinuko mrefu wa taratibu hadi Mzumbe, na betri ilikuwa imepungua kidogo sana.

Saa tisa na nusu nilianza kurudi. Kutoka Mzumbe hadi Sangasanga niliteremka, na miti ya kando ya njia ilinikinga. Nilipotokea barabara kuu upepo ulinipokea. Bwawani maji yalikuwa yamekunjamana, mawimbi madogo yenye povu yakienda upande mmoja, na nyasi za ukingoni zimelala. Niliendelea kushika mwendo ule ule wa asubuhi, kilomita 20 kwa saa, kwa makusudi, nione mota itakula nini. Taa za kipimo cha betri zilizimika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilizima kabla sijaiona stendi ya Msamvu. Kilichobaki nilikikanyaga kwa miguu.

Sababu yake iko kwenye fizikia ya sekondari. Ukienda kilomita 20 kwa saa katika hewa tulivu, mwili wako unakutana na hewa kwa mwendo huo huo wa 20. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukija usoni, unakutana na hewa kwa mwendo wa 40, ingawa magurudumu bado yanazunguka vilevile. Nguvu ya hewa inayokuzuia haiongezeki mara mbili hapo. Inaongezeka mara nne, kwa sababu inafuata mraba wa mwendo. Kwa mtu wa kawaida aliyekaa wima, wati zisizofika 60 za kupasua hewa asubuhi zinakuwa zaidi ya 220 alasiri. Ongeza msuguano wa matairi, na utaona kwamba miguu yenye uwezo wa kutoa wati 80 hadi 100 kwa muda mrefu inaachia mota sehemu kubwa ya kazi. Kwa makadirio yangu, kwenda kulitumia wati-saa mbili na nusu hadi tatu kwa kilomita moja. Kurudi kulitumia kumi na zaidi. Kilomita zile zile, baiskeli ile ile, betri mara nne.

Tazama sasa kinachoandikwa kwenye matangazo: “inakwenda kilomita 60 kwa chaji moja.” Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli kabisa kwenye uwanja tambarare, hewa ikiwa imetulia, kwa mtu mwembamba. Haikudanganyi, ila haizungumzi kuhusu barabara yako.

Fundi alipoisikia taarifa yangu alinipa baiskeli ya pili, ya milimani, yenye mota iliyofungwa katikati, pale penye pedeli, na betri ya volti 48. Mota ya katikati husukuma mnyororo, kwa hiyo inatumia giya za baiskeli kama miguu inavyozitumia. Niliipeleka mlimani, njia ya Morningside, inayotoka mjini na kupanda kati ya bustani za mboga za Waluguru, migomba na vijito. Hapo nilielewa thamani yake. Kwenye mwinuko mkali niliweka giya nyepesi, mota ikazunguka haraka huku gurudumu likienda polepole, na tukapanda bila kuhema. Akina mama walioshuka na vikapu vya mboga kichwani walisimama kando kutupisha, mmoja akasema, “Hiyo ingebeba karoti zangu.” Anasema kweli. Mota ya haba ikilazimishwa kupanda mlima wa namna hiyo kwa mwendo wa miguu hupata moto, kwa sababu umeme mwingi unaishia kuwa joto badala ya kuwa mzunguko.

Ila kwenye barabara ya Iringa baiskeli hiyo haikunipa faida niliyoitarajia. Mlima na upepo vyote vinachosha, lakini vinachosha tofauti. Mlima unataka nguvu nyingi kwa mwendo mdogo, na una kilele, ukikifikia, umemaliza. Upepo unataka nguvu ya wastani kwa mwendo wa kati, saa nzima, bila kilele. Kwa kazi hiyo mota ya haba yenye giya ndani yake inatosha: inazunguka katika mwendo inaoupenda, haichoshi mnyororo, na ikizimwa gurudumu linaendelea kuzunguka huru. Mota ya katikati hula mnyororo na sproketi haraka zaidi, na kwa vumbi letu la kiangazi hiyo ni gharama ya kweli. Anayeishi Kihonda na kufanya kazi tambarare anunue haba. Anayeishi Bigwa juu au anayebeba mazao kutoka mlimani, mota ya katikati ni haki yake.

Fedha inayobaki iende kwenye betri. Uamuzi wangu ulikuwa mota ya haba ya nyuma ya wati 500, na betri ya volti 48 na ampea-saa 15, yaani wati-saa 720. Namba hiyo inaonekana kubwa kwa kilomita 50, lakini fanya hesabu ya alasiri ya Septemba: kurudi tu kunaweza kula wati-saa 300, na kwenda kunaongeza 75 au zaidi. Betri haipendi kukaushwa kila siku, na baada ya miaka kadhaa hupoteza sehemu ya uwezo wake. Anayenunua betri inayotosha leo tu amenunua betri pungufu ya kesho.

Kuna betri za risasi na asidi, zilizo kwenye baiskeli na guta nyingi za umeme za bei nafuu. Sizidharau, fundi yeyote anazijua na bei yake inavutia. Lakini nne zake za kutengeneza volti 48 zina uzito wa kilo 16 au zaidi, na zina tabia mbaya kwa njia yenye upepo: ukizivuta umeme mwingi kwa wakati mmoja, hutoa jumla ndogo kuliko iliyoandikwa ubavuni. Pale Mindu, unapozihitaji kuliko mahali pengine popote, ndipo zinapotoa kidogo zaidi. Lithiamu inavumilia mvuto huo. Ndani ya lithiamu, aina ya chuma na fosfeti ni nzito kuliko zile za nikeli, lakini inavumilia joto vizuri na inachajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Kwa mji wa joto kama wetu ningeichagua hiyo kila inapopatikana kwa fundi anayeaminika.

Kuna akiba nyingine ambayo haigharimu kitu, nayo ni mwili. Foniksi inamkalisha mtu wima kabisa, kifua wazi. Tulipoteremsha usukani upana wa kiganja na kuurudisha mkao nyuma kidogo, viwiko vikakunjika na kifua kikainama, tofauti niliisikia siku ile ile. Ukipunguza robo ya eneo linalopigwa na hewa, umepunguza robo ya kazi ya kupasua upepo, na hakuna duka linalouza wati hizo kwa bei ya kukaza nati mbili. Koti linalopepea linakurudisha nyuma, lifunge zipu. Kapu la mbele na boksi la juu ya kariya ni matanga. Mikoba miwili iliyoning'inia chini pande zote za gurudumu la nyuma inabeba vilevile na haiupi upepo wa pembeni mahali pa kushika. Betri ikae katikati ya fremu, sio juu ya kariya, ili lori likipita baiskeli isiyumbe kutoka mkiani.

Na mwendo wenyewe ni uamuzi. Siku ya upepo mkali nashuka hadi kilomita 16 au 17 kwa saa. Nachelewa nyumbani kwa dakika kumi na tano hivi, na betri inanibakizia akiba ya kutosha. Asiyekubali kupunguza mwendo akubali kulipia betri kubwa zaidi. Hakuna njia ya tatu.

Nilisema nitarudi kwenye heshima ya nishati. Betri ya lithiamu iliyofungwa ovyo ni hatari ndani ya nyumba. Iwe na saketi ya ulinzi inayosawazisha seli na kukata umeme ikizidi kuchajiwa. Tumia chaja iliyotengenezewa betri hiyo, sio inayofanana nayo. Ikitoka juani ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza. Usiichaji usiku kucha kando ya godoro wala mlangoni pa kutokea. Ikianguka vibaya, ikivimba au ikiingia maji, ipeleke kwa fundi kabla ya kuigusa chaja.

Gharama ya kuchaji ni jambo la furaha. Betri kama yangu ikiwa tupu kabisa hujaa kwa chini ya uniti moja ya LUKU. Hata kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, safari nzima ya kwenda na kurudi haifikii bei ya soda. Na umeme wenyewe una asili ya karibu. Bwawa la Kidatu, lenye megawati 204, limo katika mkoa huu huu tangu miaka ya 1970. Na bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Hapa Kihonda treni za reli ya kisasa, SGR, zinapita kwa umeme huo huo tangu 2024. Mkoa unaosukuma treni kwa maji ya mito yake hauna sababu ya kuona baiskeli ya umeme kama anasa ya wageni.

Wala hatuanzi sisi. Jinja, Uganda, shirika la FABIO limesambaza baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, yenye kariya madhubuti, kwa ajili ya watu wanaobeba mizigo, abiria na huduma za afya vijijini. Hapa nyumbani Gibson Kawago, mwanzilishi wa kampuni ya WAGA, alianza kutengeneza betri, zikiwamo za baiskeli, kwa seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizochakaa. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimtaja miongoni mwa viongozi wake vijana wa Malengo ya Maendeleo Endelevu. Kwangu mimi somo lao kubwa ni ufundi. Baiskeli ya umeme yenye thamani ni ile ambayo spoku zake, beringi zake, kontrola yake na seli zake zinaweza kubadilishwa na mtu aliye umbali wa kutembea. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji vipuri viko wapi, kisha muulize fundi wako kama anaweza kuifungua betri hiyo. Akitikisa kichwa, tafuta nyingine.

Mtu mmoja hawezi kufanya mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni bega la barabara. Kutoka Msamvu hadi Sangasanga, upana wa mita moja na nusu wa lami nje ya mstari mweupe, uliofagiwa mchanga, ungeokoa maisha ya wanafunzi, wauza mkaa na wafanyakazi wanaopanda baiskeli humo tayari, wenye umeme na wasio nao. La pili ni soketi. Mwajiri akitenga kona yenye kivuli, kufuli na umeme, mfanyakazi anachaji mchana, anaanza safari ya kurudi betri ikiwa imejaa, na anaweza kununua betri ndogo na ya bei nafuu zaidi. Uniti moja kwa mtu kwa siku ni kidogo kwa ofisi, lakini inaweza kuamua nani anaimudu baiskeli hii na nani haimudu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, azima baiskeli yoyote ya umeme na uende kwenye barabara yako saa ile unayorudi kutoka kazini, katika mwezi wenye upepo mkali kuliko yote. Angalia nyasi zinalala upande gani. Andika mwendo, andika betri iliyobaki. Halafu chukua wati-saa ulizotumia, ongeza theluthi moja kwa ajili ya uzee wa betri, ulinganishe na volti mara ampea-saa za ile unayotaka kununua, na ndipo uingie dukani. Utakapoulizwa bajeti yako utakuwa na namba ya kujibu, na itakuwa imetoka kwenye barabara yako mwenyewe.